Maji yaliyokataa kugeuka buluu



Mara iliyopita niliahidi kuendelea na habari ya makala ya kupikia na moshi wa jikoni. Makala itangoja. Barua moja imefika, na mambo yaliyo ndani yake hayawezi kungoja mwezi mwingine. Imeandikwa na kijana wa upande wa Likasi, mwanafunzi wa shimi. Jina lake ninalibakiza kwangu. Maneno yake ni haya, jinsi alivyoyaandika:

«Jambo baba. Kwetu tuko na kisima mu lupango. Mama analalamika kila siku, sabuni haitoe povu, na sufuria ya chai inashika mawe meupe ndani. Ku masomo mwalimu alituonyesha namna ya kupima ugumu wa mayi na bureti. Kila mutu alileta mayi ya kwao. Ya benzangu yote iligeuka buluu muzuri. Ya kwetu hapana. Ilibakia zambarau. Nikatia, nikatia, paka zambarau. Kufika 34 mililitri niliona sawa vile buluu inakuja, nikasimama. Nikapiga hesabu, nikapata digri 68. Sasa benzangu banacheka, banasema kisima chetu ni simenti. Baba anasema, mayi iko nguvu tu, tutakuwa tunachemsha. Yaya wangu ako na mutoto wa miezi mine, anamukorogea maziwa ya unga na ile mayi. Je, baba, hii digri 68 ni ya kweli?»

Mwanangu, asante kwa kuandika hesabu yote, na kwa kutoficha lile neno «niliona sawa vile». Wengi wanalificha. Hata mimi nililificha siku moja, nitakuelezea mbele.

Lakini kabla ya shimi kuna neno moja la haraka. Mwambie yaya wako, leo hii, achote maji ya mtoto pahali pengine. Usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu. Sababu yake utaiona.

Sasa tuanze na mama na sabuni yake. Chini ya miji yetu mingi ya Katanga kuna mawe ya chokaa na dolomia. Ninyi wa Likasi mnalijua jiwe la Kakontwe. Wanajiolojia nao wanaliita kwa jina hilo hilo. Maji ya mvua yanaposhuka ndani ya udongo yanabeba gesi kabonike, yanakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unalamba jiwe. Njo namna kalsiumu na manyeziumu zinaingia ndani ya kisima. Ukichemsha maji, sehemu ya kalsiumu inarudi kuwa jiwe, na hilo ndilo jiwe jeupe la sufuria. Ukitia sabuni, kalsiumu inaishika kwanza na kuigeuza kuwa uchafu mweupe wenye kuelea. Povu haiji mpaka kalsiumu yote ishibe. Mama yako hakosei hata kidogo.

Tena, mbele ya bureti yako, wenye shimi walipima kama mama. Thomas Clark, mwalimu wa shimi kule Aberdeen, Scotland, miaka ya 1840, alikuwa anatia maji ya sabuni ndani ya chupa ya maji, anatikisa, anaongeza, anatikisa, mpaka povu inabaki bila kuzimika. Kiasi cha sabuni kilichoingia ndicho kipimo cha ugumu. Nyuma yake, miaka ya 1850, Boutron na Boudet wa Ufaransa wakatengeneza namna yao ya sabuni ya kupimia. Sisi tuliorithi vitabu vya kifaransa tunahesabu hata leo kwa digri za kifaransa. Digri moja ni miligramu 10 za kaboneti ya kalsiumu ndani ya litri moja ya maji. Chini ya digri 15 tunasema maji laini. Kuanzia 30 kwenda juu, maji magumu. Na mujue jambo moja: ugumu wenyewe si ugonjwa. Shirika la Afya la Dunia halikuweka mpaka wa ugumu kwa ajili ya afya. Unamaliza sabuni, unaharibu sufuria na mabomba, basi.

Kwa hiyo kama shida ya kisima chenu ingekuwa ugumu tu, baba yako angekuwa na haki kusema tuchemshe, maneno kwisha. Mimi naona shida si hiyo. Tuangalie ile rangi.

Kupima kwa bureti kunakuwa hivi. Unachukua mililitri 50 za maji. Unatia dawa ya amoniaka ili maji yafike pH 10. Unatia rangi kidogo, ile wanayoiita nyeusi ya eriokromu T. Maji yanakuwa mekundu kama divai. Kisha unadondosha EDTA kutoka bureti, polepole, huku unatikisa, na unajitahidi kumaliza ndani ya dakika tano ili chokaa isianze kuganda. Wakati wekundu wa mwisho unapopotea na buluu safi inabaki, unafunga bureti na kusoma.

Sababu gani inageuka? Rangi ile ikiwa peke yake, kwa pH 10, ni buluu. Ikishikana na manyeziumu, inakuwa nyekundu. EDTA nayo ni kama mkono wenye vidole sita vyenye kukamata metali. Ferdinand Münz aliitengeneza Ujerumani mwaka 1935, wakitafuta dawa ya kuzuia chokaa isiharibu vitambaa ndani ya viwanda vya nguo. Miaka ya 1940, Gerold Schwarzenbach wa Zürich akaigeuza kuwa kipimo. EDTA inakamata kalsiumu kwanza, kisha manyeziumu, na mwisho inanyang'anya ile manyeziumu kidogo iliyoshikwa na rangi. Rangi inabaki peke yake, buluu inaonekana. Kwa EDTA ya nguvu ya 0,01, kila mililitri 1 iliyoingia ndani ya mililitri 50 za maji ni digri 2. Wewe ulipata 34, ukafanya mara 2, ni 68. Hesabu yako haina kosa. Kosa liko ndani ya ile 34.

Kuna metali ambazo zikishikana na rangi ile haziachi. EDTA inakuja, inavuta, haiwezi kuwaachanisha, ao inawaachanisha polepole sana hata mpimaji anachoka. Ni kama kufuli lenye kutu: ufunguo ni wake, lakini hauzunguki. Wataalamu wanasema rangi imefungwa. Unabaki na zambarau chafu. Wewe unaendelea kutia EDTA, na EDTA yote hiyo haina kazi tena, kwani kalsiumu na manyeziumu zimekwisha kukamatwa zamani. Ungeweza kumwaga bureti mbili.

Metali zenye kufunga rangi ni hizi: shaba, kobalti, nikeli, chuma na aluminiumu. Soma tena majina mawili ya kwanza. Kwa mwanafunzi wa Zürich hii ni mistari midogo chini ya ukurasa, anaipita. Kwetu sisi, ambao mababu zetu walikula mukate wa shaba na watoto wetu wanakula ule wa kobalti, hiyo mistari midogo ilipaswa kuandikwa mwanzo wa ukurasa kwa herufi kubwa. Nimeona madaftari mengi ya vijana wetu, wamenakili namna ya kupima vizuri sana, na ile sehemu ya metali zenye kusumbua wameiruka.

Kuna na kundi lingine: zinki, risasi, stronsiumu, bariumu. Hizi hazifungi rangi. Zinahesabiwa pamoja na kalsiumu kama vile nazo ni ugumu, na mpimaji haoni kitu. Manganizi inafanya vibaya kwa namna yake: ndani ya maji yenye amoniaka inashika hewa, kisha inaharibu rangi yenyewe, inafifia mbele ya macho yako. Lakini ulichoniandikia si kufifia. Ni zambarau yenye kukaza, na hiyo ni kazi ya shaba na ndugu zake.

Sasa jambo ambalo linashangaza hata watu wakubwa. Unafikiri shaba ndiyo iliyokunywa mililitri zote zile? Hapana. Tupige hesabu. Tuseme maji yenu yana miligramu 2 za shaba ndani ya litri, kiasi ambacho Shirika la Afya la Dunia linaweka kuwa mpaka wa maji ya kunywa. Ndani ya mililitri 50 ni miligramu 0,1 tu. Shaba hiyo inakamata EDTA mililitri 0,16. Matone matatu! Kwa digri, ni kama theluthi moja ya digri. Kiasi cha kudharau. Shaba haikuharibu hesabu, iliharibu jicho lako. Hesabu uliiharibu wewe kwa kuendelea kutia mpaka macho yakaona kile ulichotaka kuona.

Usikasirike. Nilisema nitatoa habari yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa kuosha vyombo mu laboratwari ya kampuni moja, jina halina faida. Nilikuwa ninajifunza kupima pembeni ya wakubwa. Kila asubuhi mtu alichota maji yenye kwenda ndani ya mtambo wa mvuke, maji yaliyokwisha kulainishwa, na kupima kama ugumu ungali chini ya digri moja. Ukipanda, mawe yanashika ndani ya mabomba, joto halipiti vizuri, bomba linaweza kupasuka na watu wako karibu. Siku moja mwenye kazi hakuja, shefu akanituma mimi. Nilikimbia na chupa ya kwanza niliyoiona, iliyokuwa na dawa ya shaba juzi yake. Niliisukutua kwa maji mara tatu. Mara tatu, nikaona imetakata.

Nikatia rangi. Ikawa zambarau. Tone la EDTA, zambarau. Matone kumi, zambarau. Nikaogopa watasema kijana huyu hajui kazi. Daftari lilikuwa wazi, jana yake waliandika 0,5. Na mimi nikaandika 0,5.

Shefu alipopita aliangalia daftari, kisha akaangalia kikombe changu mezani, kingali zambarau. Akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mutoto, hii mayi njo ilikuambia sifuri na nusu?» Sikujibu. Hakupiga kelele. Alichukua ile chupa, akatia ndani maji safi yaliyotoneshwa, akatikisa, akamwaga kikombeni, akatia amoniaka na rangi. Maji safi, yasiyo na kitu, nayo yakakataa kuwa buluu. «Umeona? Mayi ya mutambo haina makosa. Ni chupa.» Kisha akanituma kuosha chupa zote za laboratwari kwa asidi nitriki iliyochanganywa na maji, na kurudi kuchota upya. Siku ile maji ya mtambo yalikuwa sawa, kwa bahati. Kama yasingekuwa sawa, ile 0,5 yangu ingeyafunika.

Basi, mwanangu, kabla ya kushitaki kisima, tuangalie milango yote ambayo shaba inaweza kupitia.

Mlango wa kwanza ni chupa. Ilitoka wapi? Kwetu chupa za plastiki zinazunguka kila pahali, leo ya mafuta, kesho ya mchimbaji aliyeweka ndani kitu asichotaja. Tafuta chupa mpya ao ya maji ya kunywa ya dukani, isukutue kwa maji yenyewe ya kisima.

Wa pili ni maji yaliyotoneshwa ya masomo. Mitambo mingine ya kutonesha ina bomba la shaba ndani, na matone yanashuka na shaba yake. Mwalimu anaamini maji yake ni safi, na kumbe ndiyo yenye kufunga rangi. Lakini wenzako walipata buluu vizuri, kwa hiyo mlango huu hauelekei. Hata hivyo, jaribu. Tia amoniaka na rangi ndani ya maji hayo peke yake. Yakiwa buluu, ao yakigeuka kwa tone moja la EDTA, yana usafi wa kutosha.

Rangi ya eriokromu yenyewe ikizeeka ndani ya maji inakuwa mbovu. Hapa pia wenzako wanakujibia.

Mlango ambao watu wengi hawaufikirii ni matope. Maji ya kisima yakiwa na vumbi ndani, na vumbi hilo likiwa na punje za malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mtoto wa huku analijua, amoniaka unayotia inayeyusha malakiti. Shaba iliyokuwa imelala ndani ya matope inaamka kikombeni. Maji yangekuwa na shaba kidogo, na wewe unaiongeza kwa mkono wako. Kwa hiyo chuja maji kwa karatasi ya kuchujia, kisha upime. Pima pia yasiyochujwa, uone tofauti.

Na mlango wa mwisho ni kisima chenyewe, shaba iliyokwisha kuyeyuka ndani ya maji. Kwa kawaida maji yenye chokaa nyingi hayashiki shaba nyingi, yanaiangusha chini. Lakini pahali ambapo maji makali yanatoka kwa mabaki ya mgodi, ao kwa watu wanaosafisha mawe, na mvua inayasukuma mpaka mdomo wa kisima, hapo siwezi kusema kitu bila kupima.

Namna gani utapima ugumu kama rangi imefungwa? Vitabu vitakuambia: tia sianidi. Ni kweli, sianidi inashika shaba, kobalti na nikeli vizuri kuliko dawa zote, na rangi inafunguka. Na mimi ninakuambia: hapana. Hapana kwa masomo, hapana nyumbani, hapana hata kama rafiki anayo. Kiasi kidogo kinaua. Ikikutana na asidi inatoa gesi yenye kuua mtu amesimama. Mu laboratwari kubwa wanaitia nyuma ya amoniaka tu, wako na kofia ya kuvuta hewa, na maji yake hawayamwagi ovyo. Mwalimu akikupa sianidi bila hayo yote, rudisha kwa heshima.

Sulfidi ya sodiumu inatumika pia. Inageuza shaba kuwa unga mweusi na kuiondoa njiani. Kwa shaba inafaa. Kwa kobalti na nikeli inatosha tu kama ziko sehemu ndogo ya miligramu ndani ya litri, na huku kwetu kobalti haiombi ruhusa. Nayo ikigusa asidi inatoa gesi ya mayai yaliyooza, yenye sumu. Kwa chuma na aluminiumu kuna trietanolamini, inatiwa mbele ya amoniaka, lakini hiyo haitakusaidia kwa shaba.

Kwa masomo ninapenda njia ya maskini: kupunguza nguvu. Chukua mililitri 10 tu za maji ya kisima yaliyochujwa, ongeza maji safi yaliyotoneshwa mpaka 50, na upime kama kawaida. Shaba imepungua mara tano. Rangi unatia kiasi kile kile, kwa hiyo sehemu kubwa ya rangi inabaki huru na inaweza kugeuka. Jibu utalizidisha mara 5. Kosa la tone moja nalo litazidishwa mara 5, karibu nusu digri, na hiyo si kitu cha kuhangaikia. Fanya mara tatu. Majibu yakiwa karibu karibu, uko kwenye njia nzuri. Isipogeuka bado, usiandike namba yoyote. Andika ndani ya daftari: «haikugeuka». Hilo nalo ni jibu la kipimo.

Sasa turudi kwa mtoto wa miezi minne. Baba yako alisema mtachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ninamwomba asiache kuchemsha. Kunaangusha sehemu ya chokaa. Lakini shaba haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, shaba inabaki yote, kwa hiyo ndani ya kila kikombe inakuwa nyingi kuliko mwanzo. Hapo ndipo ile digri 68 ilipowaumiza: iliwapa ugonjwa ambao hamna, na dawa ambayo haiponyeshi ule ambao labda mnao. Shaba ikizidi inaleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Maji yanakuwa na uchungu wa chuma mdomoni, nguo nyeupe na beseni vinaweza kushika alama. Mtu mzima anaonja na kutema. Mtoto wa chupa hana maji mengine. Anakunywa yale yale kila saa.

Lakini pia nisiwatie woga mkubwa. Rangi ile inafungwa na shaba ndogo sana, chini kabisa ya miligramu 2. Kwa hiyo zambarau inasema tu «kuna kitu», haisemi kiasi. Kiasi kinapimwa na laboratwari yenye mashine ya metali. Omba chupa kwao, kwani wanatia asidi kidogo ndani ili metali zisishike kwenye ukuta wa chupa. Waambie wapime shaba, kobalti, manganizi na risasi kwa pamoja. Kwa kobalti Shirika la Afya la Dunia halikutoa mpaka, kwa hiyo linganisha na visima vya jirani. Na ninyi ambao maji yenu yaligeuka buluu vizuri, musiwacheke wenzenu: buluu si cheti cha afya. Risasi inapita, vijidudu vinapita, buluu inakuja palepale.

Ndivyo nilivyomjibu kwa barua ya haraka, na kabla ukurasa huu haujaenda kwa mashine ya kuchapa, jibu lake limefika. Ninalifupisha. Chupa yake ya kwanza ilikuwa ya mjomba, na mjomba anachimba. Alichukua mpya. Maji ya masomo yaligeuka kwa tone moja, yako safi. Maji ya kisima yasiyochujwa: zambarau. Yaliyochujwa: buluu chafu, haijatulia. Yaliyochujwa na kupunguzwa mara tano: buluu safi kwa mililitri 2,6, mara ya pili 2,6, mara ya tatu 2,7. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: 2,6 mara 2, mara 5. Ni digri 26. Maji ya kawaida ya mawe yetu, kama ya nusu ya kartie.

Anaandika: «Baba alinyamaza, kiisha akaenda kuangalia kisima. Alikuta mufereji wa mvua unatoka ku pahali banasafishaka mawe, unapita mita tatu tu. Sasa anajenga ukuta wa matofali ku mudomo ya kisima na anageuza mufereji. Yaya anachota mayi ya mutoto ku bomba ya avenyu ya pili. Chupa ya laboratwari imeenda, tunangoja.»

Namba za laboratwari zikifika nitazitoa hapa, zikiwa nzuri ao mbaya. Na mama ameniomba kupitia mwanawe dawa ya sufuria yake, kwani kwa digri 26 mawe meupe yataendelea kuja. Mama, tia maji ya ndimu mbili ao tatu ndani ya sufuria, ongeza maji kidogo, pasha moto bila kuchemsha sana, acha usiku mzima. Asubuhi jiwe litakuwa limelegea, sugua na kitambaa, sukutua vizuri. Kama sufuria yako ni ya aluminiumu usiiache usiku mzima, saa moja inatosha.